Mgombea na Deni la Kura Zake: McCain, Gramm na Anguko la 2008

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ilitangaza kufilisika. Siku hiyohiyo John McCain, mgombea urais wa chama cha Republican, alisimama Jacksonville, Florida, akasema misingi ya uchumi wa Marekani bado ni imara. Wapinzani wake waliidaka kauli hiyo, wakairudia usiku na mchana. Mimi naomba tuiweke kando, maana neno la jukwaani linaweza kumponyoka yeyote. Swali ninalolijali ni zito zaidi. Mtu aliyeingia bungeni mwaka 1983, akakaa humo miaka 25 wakati masharti ya mabenki yanalegezwa moja baada ya jingine, anadaiwa nini siku mabenki yanapoanguka?

Wengi wakiulizwa hukimbilia mwaka 1999. Ndio mwaka ilipofutwa sehemu kubwa ya sheria ya Glass-Steagall ya 1933, iliyotenganisha benki zinazotunza amana za watu na benki zinazocheza na hisa na dhamana. Sheria mpya ilibeba jina la Seneta Phil Gramm wa Texas na wenzake wawili. McCain aliunga mkono mswada wa Seneti mwezi Mei. Kura ya mwisho ya Novemba hakuipiga. Ilipita kwa 90 dhidi ya 8, na Rais Bill Clinton, wa Democratic, akaitia saini. Seneta Byron Dorgan wa North Dakota alionya siku zile kwamba baada ya miaka kumi wangetazama nyuma na kusema tusingefanya hivi. Hata miaka kumi haikufika.

Lakini nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: sheria ya 1999 inatwishwa mzigo mkubwa kuliko inavyostahili. Lehman ilikuwa hasa benki ya uwekezaji, yaani ya kucheza na hisa na dhamana. Bear Stearns, nyingine iliyoanguka mwaka huohuo wa 2008, vilevile. Zingeweza kuanguka hata kama Glass-Steagall ingekuwepo.

Sheria iliyofanya kazi kubwa ya uharibifu ni ya Desemba 2000, na hapo naomba tukae.

Miaka miwili kabla yake, Brooksley Born, mkuu wa tume ya serikali inayosimamia mikataba ya kuuziana bidhaa za siku zijazo kwa bei iliyokubaliwa mapema, alitaka serikali ianze kuichunguza mikataba ya kukingiana hasara ambayo mabenki yalikuwa yakiuziana pembeni, nje ya soko rasmi. Alan Greenspan wa Benki Kuu alimpinga. Robert Rubin na Lawrence Summers wa Hazina walimpinga. Alishindwa, na mwaka 1999 akaondoka. Kisha, katika siku za mwisho za Bunge lile, siku chache tu baada ya kumalizika ubishi wa kura za urais za Florida kati ya Bush na Gore ulioikodolesha macho nchi nzima, sheria ya kuizuia serikali isiiguse mikataba hiyo ikachomekwa ndani ya mswada mkubwa wa bajeti. Gramm alikuwa miongoni mwa waliosimama nyuma yake. Sheria hiyo ilikwenda mbali kiasi cha kuyazuia majimbo yasitumie sheria zao za kamari dhidi ya mikataba hiyo. Pimeni wenyewe: kama si kamari, kulikuwa na haja gani ya kuikinga dhidi ya sheria za kamari?

Seneti iliupitisha mswada ule kwa ridhaa ya pamoja, bila kuita majina. Kwa hiyo mwananchi akitaka kujua leo seneta wake alisema ndiyo au hapana, hakuna pa kuangalia. Hilo linaniudhi kuliko uamuzi wenyewe, kwa sababu kura iliyoandikwa humfuata mtu maisha yake yote, na isiyoandikwa haimdai yeyote.

Miaka minane baadaye, kampuni ya bima ya AIG, ambayo kitengo chake cha London kiliuza kinga za namna hiyo kwa mabilioni ya dola bila kuweka akiba ya kulipia, ilipiga magoti. Tarehe 16 Septemba, Benki Kuu ikaikopesha dola bilioni 85.

Sasa turudi kwa McCain. Yeye hakuiandika sheria ile. Ila Gramm alipowania urais kwa uchaguzi wa 1996, McCain ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni yake kitaifa. Na McCain alipowania 2008, Gramm alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni na mshauri wake mkubwa wa uchumi. Aliondoka Julai baada ya kusema kuwa mdororo ule ulikuwa wa kichwani tu na kwamba Marekani imekuwa taifa la walalamishi. Mgombea anayemteua mshauri amekwisha kutuambia nchi itaendeshwaje. Mwezi Septemba huohuo, makala yenye jina la McCain katika jarida la wataalamu wa hesabu za bima ilipendekeza soko la bima ya afya lifunguliwe kwa ushindani, kama ilivyofanyika katika mabenki kwa muongo uliopita. Hapo hakuna kuponyokwa na neno. Hiyo ilikuwa imani yake, imeandikwa kwa utulivu.

Tena alikuwa na sababu ya kujua. Mwaka 1987 yeye na maseneta wanne wa Democratic walikutana na wakaguzi waliokuwa wakiichunguza benki ya akiba ya Charles Keating, mfadhili wao. Benki ile ilianguka 1989, na walipa kodi wakabeba hasara ya zaidi ya dola bilioni 3. Kamati ya maadili ya Seneti haikumwadhibu McCain. Ilisema alikosa busara. Maelfu ya watu, wengi wao wazee, walikuwa wamenunua hati fungani za kampuni mama ya Keating, nazo zikageuka karatasi.

Haki itendeke kwake pia. Mwaka 2006 alijiunga na mswada wa kuzibana Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa za kudhamini mikopo ya nyumba, na haukupita. Naye aliyemshinda, Barack Obama, alimchukua Summers huyohuyo kuongoza baraza lake la uchumi. Wapiga kura waliodhani wamemwadhibu aliyelegeza masharti walimkuta mwenzake Ikulu.

Na mambo haya hayakuishia 2008. Mwezi Machi 2018, Seneti ilipandisha kiwango ambacho benki hubanwa na masharti makali zaidi, kutoka mali za dola bilioni 50 hadi 250. Silicon Valley Bank, iliyokuwa na mali za takriban dola bilioni 209, ilianguka Machi 2023. Safari hii majina yaliitwa: 67 walisema ndiyo, kutoka vyama vyote viwili, 31 wakakataa. Orodha iko wazi kwa kila mtu, na baadhi ya wale 67 bado wanaomba kura.

Nakaribisha maswali.