Kabla ya Jiwe la Msingi: Jinsi Ujenzi wa Darubini ya SKA Ulivyoidhinishwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie namna mradi wa pamoja wa miundombinu ya utafiti unavyopangwa hadi siku unaporuhusiwa kuanza, nami nimeona ni afadhali nishike mradi mmoja na kuufuata tangu wazo hadi idhini kuliko kuwapitisha juu juu katika kumi. Nimechagua SKA (Square Kilometre Array, yaani safu ya kilomita moja ya mraba), darubini ya mawimbi ya redio inayojengwa mahali pawili, katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini na katika eneo la Murchison, Australia Magharibi, huku makao makuu yake yakiwa Jodrell Bank karibu na Manchester, Uingereza. Baraza la mradi huo liliidhinisha ujenzi mwishoni mwa Juni 2021, na kazi ikahesabiwa kuwa imeanza tarehe 1 Julai. Hoja yangu ni kwamba siku ile wajumbe hawakubakiwa na jambo kubwa jipya la kuamua, kwa sababu maamuzi machungu yalikwisha kufanywa miaka mingi nyuma, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na mtu aliyepoteza.

Wazo lenyewe ni la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1993 Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Redio uliunda kikundi kazi cha kufikiria darubini kubwa ya kizazi kijacho, na mwaka 1997 taasisi kutoka nchi sita zikatia saini hati ya makubaliano ya kuchunguza teknolojia kwa pamoja. Hati ile haikuomba fedha za kujenga chochote. Kwa lugha ya ofisi zetu tungesema wale watu walikuwa kwenye upembuzi yakinifu, tena upembuzi uliochukua miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wanafunzi walioketi hapa mbele.

Mahali pa kujenga palizua mvutano mkubwa. Mwaka 2006 maeneo manne yaliyoshindana yalipunguzwa hadi mawili, la kusini mwa Afrika na la Australia, na tarehe 25 Mei 2012 ukatolewa uamuzi wa kugawana, ingawa kamati ya wataalamu ilikuwa imeielekea Afrika. Wapo waliosema siasa imeishinda sayansi. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja, kwa kuwa kila upande ulikuwa umekwisha kuzamisha fedha zake ardhini. Afrika Kusini, kwa mfano, ilikuwa imeanza kujenga darubini yake ya MeerKAT yenye madishi 64, ambayo sasa yanaingizwa ndani ya SKA, na tangu mwaka 2007 ilikuwa imetunga sheria ya kuyalinda maeneo ya utafiti wa anga dhidi ya mwingiliano wa mawimbi. Sheria hiyo ilitangulia idhini ya ujenzi kwa miaka 14. Eneo lisilo na kelele za simu na redio haliwezi kununuliwa baada ya mkandarasi kufika, hivyo lilinunuliwa mapema, kwa sheria.

Sasa niingie katika sehemu ambayo taarifa za sherehe huiruka. Mwaka 2013 bodi ya mradi iliweka ukomo wa gharama kwa awamu ya kwanza, euro milioni 650, na wasanifu walipojumlisha michoro yao wakakuta jumla imepita ukomo kwa mbali. Mwaka 2015 ikabidi wapunguze. Madishi mapya ya Afrika Kusini yakashuka kutoka 190 hadi 133, antena za masafa ya chini za Australia zikashuka kutoka takriban 250,000 hadi takriban 130,000, na chombo cha tatu, kilichokusudiwa kupima anga kwa upana, kikaahirishwa chote. Fikirini hali ya mhandisi ambaye kazi yake ya miaka kadhaa ilikuwa katika chombo hicho cha tatu. Jina la mradi linaahidi kilomita moja ya mraba ya kupokea mawimbi, lakini kilichopelekwa mbele ya Baraza hakikufikia eneo hilo; jina lilibaki kwa heshima ya wazo. Ninawasihi wanaoandika maandiko ya miradi wayatazame makato haya kwa makini, kwa maana andiko lisiloonyesha kilichokataliwa huwa bado halijafikishwa mbele ya mtu mwenye kalenda na kikokotoo.

Baada ya makato ndipo vikundi vya usanifu, vyenye mamia ya wahandisi kutoka nchi takriban 20, vilipoendelea na usanifu wa kina, na kila sehemu, iwe dishi, antena, mtandao wa kusafirisha data au programu za kuichakata, ikapitiwa na wakaguzi wa nje kabla haijaunganishwa na nyingine.

Sambamba na usanifu ulikuwapo mkataba. Hadi wakati huo mradi uliendeshwa na kampuni isiyo ya faida iliyosajiliwa Uingereza, na kampuni ya namna hiyo yatosha kwa kuchora, lakini haitoshi kuzifunga serikali kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo tarehe 12 Machi 2019 nchi saba, yaani Afrika Kusini, Australia, China, Italia, Uholanzi, Uingereza na Ureno, zilitia saini mkataba mjini Roma wa kuunda shirika la kiserikali. Mkataba ulihitaji kuridhiwa na nchi tano, zikiwamo lazima nchi tatu wenyeji, nao ukaanza kutumika tarehe 15 Januari 2021. Baraza lilikutana kwa mara ya kwanza Februari mwaka huohuo, kupitia intaneti kwa sababu ya korona, na miezi mitano haikupita likaidhinisha ujenzi. Asiyejua historia angesema walikimbilia.

Baraza liliwekewa hati mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa andiko la ujenzi: nini kitajengwa, kwa ratiba gani, kwa hatari zipi. Ya pili ilikuwa mpango wa kuliunda shirika lenyewe na kuliendesha. Gharama zikapigwa pamoja, takriban euro bilioni 2 kwa bei za mwaka 2020 kwa miaka kumi, ambapo bilioni 1.3 hivi ni za ujenzi na milioni 700 ni za uendeshaji. Nirudie hesabu hiyo ya pili, kwa sababu hapo ndipo sisi tunapojikwaa. Niliwahi kufundisha mahali ambapo mashine ya thamani ilipokelewa kwa ngoma na hotuba, na haukupita muda mrefu ikafunikwa shuka, kwa kuwa hakuna fungu lililotengwa kwa fundi wala kwa vipuri. Aliyetoa mashine alikuwa ametimiza ahadi yake, na aliyepokea hakuwa ameulizwa swali lolote kuhusu mwaka wa nne.

Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba Baraza liliidhinisha usanifu wote ilhali fedha zote hazikuwapo. Walioandaa andiko walilijibu tatizo hilo kwa mpangilio wa kazi: darubini inajengwa kwa hatua, na kila hatua inaacha chombo kinachoweza kupokea mawimbi na kupimwa. Usanifu kamili una madishi 197, ukijumlisha yale 64 ya MeerKAT, na antena 131,072 katika vituo 512. Hatua iliyopangiwa fedha inaishia kwenye madishi 144 na vituo 307, na yaliyosalia yanangojea wanachama wengine.

Hapo Kenya inaingia. Ni miongoni mwa nchi nane zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika kuomba uenyeji, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Lakini idhini ilipopigiwa kura mwaka 2021, hakuna hata moja kati ya hizo nane iliyokuwa na kiti katika Baraza, kwa kuwa kiti kinafuata kuridhia mkataba na kuchangia. Ghana ililigeuza dishi la zamani la mawasiliano la Kuntunse, lenye kipenyo cha mita 32, kuwa darubini ya redio iliyozinduliwa mwaka 2017, na wataalamu wa Kenya wanalitazama la Longonot kwa matumaini hayohayo.

Machi 2025 ilitolewa picha ya kwanza kutoka upande wa Australia, iliyopigwa kwa antena 1,024 tu, pungufu ya asilimia moja ya zote. Ningependa tuitazame ukutani, kisha nipokee maswali.