Patroni Wetu Ni Nani? Mhadhara kwa Wafanyakazi wa Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja mkaja hapa na viatu vya kazi miguuni, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia manung'uniko ya wafanyakazi wa mji wetu: mshahara usiofika mwisho wa mwezi, mkubwa wa kazi asiyesikiliza, na uchungu wa mtu aliyetumika miaka mingi bila kuhesabiwa. Kwa kawaida mambo haya huelezwa kwa tabia za watu, kwamba patroni huyu, yaani mwajiri, ana roho mbaya na yule ana huruma. Tabia zipo, sikatai. Lakini kinachowaumiza zaidi wafanyakazi wa Lubumbashi ya leo ni kwamba anayenufaika na jasho lao, anayewaamuru na anayewalipa si mtu mmoja tena, na kila mmoja kati ya hao watatu anaweza kukwambia, bila hata kusema uongo, kwamba swali lako halimhusu.

Haikuwa hivyo zamani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya wakoloni wa Kibelgiji, iliundwa mwaka 1906, miaka michache kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910, na kwa muda mrefu ilitegemea watu walioletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, ambao wengi wao walitoroka, waliugua au walifia kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaona faida ya kuwaweka watu hapa pamoja na wake na watoto wao, ikatoa mikataba ya miaka 3, ikajenga kambi, ikagawa posho, ikafungua hospitali na shule. Ndiyo maana wazee wetu husema kwamba kazi ilikuwa baba na ilikuwa mama. Tunausema msemo huo kwa utamu kupita kiasi, kwa maoni yangu. Baba huyo aliingia hadi ndani ya nyumba ya mfanyakazi kukagua usafi wake, na alimlipa Mwafrika ujira usiokaribia hata kidogo ule wa Mzungu.

Mwezi wa Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita na shaba yetu ikihitajiwa na mataifa yaliyopigana na Ujerumani, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira, hapa hapa mjini, ulioitwa wakati huo Élisabethville. Maron, gavana wa kikoloni, alifika mwenyewe. Askari wakapiga risasi, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wa wenzake. Siwakumbushi habari hii ili nisifu zama zile. Nataka muone kwamba hata katika ukatili huo wagomaji walijua mdaiwa wao ni nani, na mdaiwa alijua kwamba anadaiwa.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilizichukua mali za Union Minière, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo tuliyokuja kuiita Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mitambo ikachakaa, nchi ikayumba, na uzalishaji ukaanguka hadi sehemu ndogo ya ule wa zamani. Watu waliendelea kwenda kazini miezi na miezi bila mshahara, kwa sababu kuacha kazi kulimaanisha kupoteza nyumba, hospitali na shule ya mtoto kwa siku moja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa muda mrefu ni hiari ya namna gani, waulizeni walio katika ukumbi huu.

Sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 ilileta kampuni nyingi za nje, na pamoja nazo ukaenea utaratibu wa kazi kupitia kampuni ya kati. Fikirini dereva wa lori mgodini. Kofia yake ina alama ya kampuni ya madini, na saa zake zinapangwa na mkubwa wa kampuni hiyo, lakini karatasi ya mshahara, kama ipo, inatoka kwa kampuni nyingine yenye ofisi ndogo mjini. Akidai nyongeza, mgodi unamwambia aende kwa aliyemwajiri. Akienda huko anaambiwa kwamba mgodi umepunguza bei ya mkataba. Pembeni yake yupo mwenzake anayeendesha lori la namna hiyo hiyo, aliyeajiriwa na mgodi wenyewe, mwenye primu, yaani nyongeza juu ya mshahara, na matibabu ya familia. Hapo ndipo mtu anapojiona si kitu, na hisia hiyo haiondolewi na salamu nzuri za patroni. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kampuni hizi za kati ilishughulikia sana mtaji wao uwe wa Wakongomani. Ni jambo jema kwa wafanyabiashara wetu, ila kubadilisha mwenye kampuni peke yake hakumwongezei dereva hata franka moja.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara nitasema machache. Amri ya mwaka 2018 ilikiweka kuwa franka 7,075 kwa siku, kikakaa hapo hadi kilipopandishwa mwaka 2025 kufikia 14,500. Katika miaka hiyo bei ya mfuko wa unga haikusubiri amri yoyote.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamkuambiwa siku mlipoajiriwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema kwamba mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na mwisho. Anayeitwa kibarua kwa mwaka mzima huenda ni mfanyakazi kamili mbele ya sheria, naye hajui. Wanaojua ni wale wanaomsimamisha kazi siku chache kabla ya hesabu kutimia, kisha wanamwita tena.

Kwa hiyo andikeni tarehe zenu za kazi katika daftari lenu wenyewe, hata kama kapita, yaani msimamizi wenu, anaandika katika lake. Dai karatasi ya mshahara kila unapolipwa, maana sheria inamlazimisha mwajiri kuitoa. Na mnapoandika barua ya madai pamoja na wajumbe wenu wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, nakala moja iende kwa kampuni inayowalipa, nyingine kwa kampuni inayowaamuru, na ya tatu kwa mkaguzi wa kazi, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkurugenzi akiwaambia tena kwamba yeye hawajui ninyi, muhuri wake utakuwa kwenye karatasi yenu.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na mama zetu wanaofagia maofisi, kwa sababu wao hawakutajwa hata na mimi.