Nikiondoka, Niacheni Niondoke

Bwana asifiwe!

Asanteni. Ketini, ketini. Feni hizi mbili haziwezi kupigana na joto la Machi, na nimeshaonywa nisizidishe muda.

Tangu barua ya uhamisho isomwe hapa, nimesikia mengi. Kuna waliosema watapinga. Kuna walionipangia kabisa: "Mchungaji, Wundanyi unakohamia si mbali, harusi ya binti yangu utashuka uifungishe wewe." Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi.

Fungueni Matendo ya Mitume 20. Paulo yuko Mileto, amewaita wazee wa kanisa la Efeso. Amekuwa nao miaka mitatu. Anatoa hesabu yake mbele yao: alifundisha hadharani na nyumba kwa nyumba, hakutamani fedha ya mtu wala mavazi, mikono yake ndiyo iliyomlisha. Kisha anawaambia wazi kwamba hawatamwona tena. Watu wanalia, wanamwangukia shingoni, wanamsindikiza hadi merikebuni. Sasa niambieni, ni mstari gani anaposema, mkikwama nitumieni mtu nirudi? Haupo. Kundi anawaachia wazee walilinde, na wazee wenyewe anawaweka mikononi mwa Mungu. Basi, anapanda chombo.

Na sisi tusijifanye hadithi hii ni ya Mileto tu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na miezi michache baadaye alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao hapa upande wa Nyali. Mwenzake Rebmann akaja 1846, akakaa karibu miaka 30, zaidi pale Rabai, akarudi Ujerumani 1875 akiwa kipofu. Waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Mtu wa kuhesabu vichwa angesema kazi imekufa. Lakini mwaka huohuo yakaanzishwa makao ya Freretown, hapo Kengeleni kwa majirani zetu, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Na miongoni mwa waliosukuma kazi mbele ni William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliotolewa utumwani, wakasomeshwa India, wakafanywa mashemasi 1885. Kila sherehe tunawataja wale Wajerumani wawili, hawa wa kwetu tunawaruka. Mimi naona ni aibu, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kwa hiyo nikiondoka, niacheni niondoke. Mkifiwa, atakayezika ni mchungaji wenu mpya. Mimi nitakuja, nitakaa chini ya hema na waombolezaji wengine, wali wenu nitaula. Kitabu cha ibada nitakiacha nyumbani. Mkinipigia simu kunieleza kwamba mahubiri yake ni marefu, nitawauliza habari za watoto. Haiwezekani mimi niwe mchungaji wenu wa harusi na matanga, mwenzangu abaki wa kusoma matangazo.

Funguo hizi hapa, mzee wetu, pokea. Huu mkubwa ni wa ofisi. Wenye uzi mwekundu ni wa stoo ya viti na masufuria, na kufuli lake hunata, lisukume kidogo kwa goti. Huu mdogo sijawahi kuona kinachofunguka kwa ufunguo huu. Niliurithi hivyo, nami naurithisha. Daftari la sadaka limefungwa hadi Jumapili iliyopita na mhazini ana nakala. Deni la mahema limelipwa.

Kuhusu ile bahasha, nawashukuru sana. Mama mchungaji ameikalia, kwa hiyo iko salama kuliko benki.

Mgeni wenu anatoka bara, kwenye baridi. Akifika msimwingize kwenye kikao cha kamati siku hiyohiyo. Mpeni dafu kwanza, apumzike, mmwonyeshe chumba chenye upepo. Na Jumapili ijayo akisimama hapa, viti vya mbele vijae. Nasema na nyinyi wa karibu na mlango, mnajijua.