Kufundisha Kiingereza Vijijini Japani: Milango Iliko na Funguo Zake

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nawashukuru walioniita nije kuzungumza nanyi. Nimeombwa nieleze namna ya kupata kazi ya kufundisha Kiingereza Japani, nami nimeomba niibane mada: leo nitazungumzia vijijini tu. Tokyo na Osaka nawaachia wengine. Nimeishi na kufundisha katika mji mdogo wa milimani mkoani Shimane, na nina hakika kwamba nafasi kubwa ya mtu anayetoka kwetu iko huko, kwenye miji ambayo majina yake hamjapata kuyasikia. Wengi wetu tunaomba kazi kule kwenye foleni ndefu, tunakosa, halafu tunaamini kwamba nchi nzima imetukataa.

Kwanza niondoe hofu moja. Vijana hunifuata pembeni wakaniuliza kwa sauti ya chini kama Mwafrika anaweza kupewa darasa la Kiingereza Japani. Nitawajibu kwa historia. Mwaka 1848, Japani ikiwa bado imejifungia, kijana aitwaye Ranald MacDonald aliteremka na mashua ndogo kutoka kwenye meli ya wawindaji nyangumi, akajifanya chombo chake kimezama, akafika kisiwa cha Rishiri kule kaskazini kabisa. Mama yake alikuwa Mchinook, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Baba yake alikuwa Mskoti. Wajapani walimkamata, wakampeleka Nagasaki, na huko, akiwa kizuizini, akawafundisha Kiingereza wakalimani 14 wa serikali. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, ndiye aliyekuja kutafsiri katika mazungumzo na Komodoro Perry, mkuu wa meli za kivita za Marekani aliyekuja kuitaka Japani ifungue milango yake. Mwaka 1890 akaja Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyelelewa Ireland, akafundisha Matsue, mji mkuu wa mkoa huohuo wa Shimane. Kazi hii tangu zamani imefanywa na watu wa asili mbalimbali, tena mbali na mji mkuu. Siwafichi kwamba ubaguzi upo, na kuna waajiri wenye picha yao ya mwalimu wa Kiingereza kichwani. Lakini si wote, na huko shamba mwenye neno la mwisho mara nyingi ni ofisa wa elimu anayetafuta mtu atakayefika shuleni kila siku na kukaa.

Sasa, kwa nini nafasi ziko vijijini? Vijiji vya Japani vinakimbiwa. Mkoa wa Tottori, wenye watu wachache kuliko mikoa yote 47, hauna hata watu 600,000. Akita unaongoza kwa uwiano wa wazee. Kati ya mwaka 2002 na 2020 shule za umma zaidi ya 8,000 zilifungwa nchini kote kwa kukosa watoto. Mtu atauliza: shule zinafungwa, ajira itoke wapi? Inatoka kwenye mtaala. Mwaka 2011 shughuli za lugha ya kigeni zilifanywa za lazima kwa darasa la tano na la sita. Mwaka 2020 Kiingereza kikawa somo kamili kwa madarasa hayo, na shughuli zile zikashushwa hadi darasa la tatu. Kwa hiyo kila shule ya msingi iliyobaki, hata yenye watoto thelathini, inatakiwa kufundisha Kiingereza, wakati walimu wake wengi hawakukisomea. Halmashauri inamwajiri mtu mmoja, inampangia shule tatu, nne au tano, naye anazizungukia kwa wiki. Cheo chake ni mwalimu msaidizi wa lugha. Kule kila mtu anasema ALT, nami nitasema hivyo.

Mlango wa kwanza ni mpango wa serikali uitwao JET. Ulianza mwaka 1987 na vijana 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Leo una washiriki zaidi ya 5,000, karibu wote ni ALT, na wengi wanapelekwa miji midogo. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa hadi miaka mitano. Kwa miaka mingi mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa yeni milioni 3.36; mwaka 2025 uliongezwa ukapita milioni 4. Tiketi ya kwenda unalipiwa. Maombi hupitia ubalozi wa Japani, kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, usaili ni mwanzoni mwa mwaka, na safari ni Julai au Agosti. Lakini JET huchukua raia wa nchi zilizomo kwenye mpango tu. Afrika Kusini imekuwa ikipeleka walimu kwa miaka mingi. Orodha ya nchi hubadilika, kwa hiyo kabla hujajaza chochote uliza ubalozini hapa kama pasipoti yako imo.

Mlango wa pili ni kampuni za mawakala, zinazoajiri walimu na kuwapeleka kwenye shule za halmashauri zilizoingia nazo mkataba. Mwaka wa shule Japani unaanza Aprili, kwa hiyo kampuni hizi zinasaka watu tangu vuli. Huu ndio mlango mpana kuliko yote, na ndio unaohitaji macho makali. Mshahara wake mara nyingi ni kati ya yeni 200,000 na 250,000 kwa mwezi, chini ya ule wa JET, na mikataba mingine hukata malipo ya Agosti na ya likizo nyingine. Ukiletewa mkataba, tafuta mambo mawili. La kwanza, je, utaandikishwa kwenye bima ya afya na pensheni ya waajiriwa? Kuna kampuni hupunguza saa kwenye karatasi ili zikwepe mchango huo, na mwenzangu mmoja aligundua hivyo siku aliyolazwa. La pili, je, wewe ni mwajiriwa, au umeandikwa mkandarasi wa kutoa huduma? Pale kampuni inapouza somo kwa halmashauri kama huduma ya kandarasi, mwalimu wa darasa hana haki kisheria ya kukuelekeza katikati ya kipindi, nanyi wawili mtasimama mbele ya watoto kila mmoja na somo lake. Nimeona vipindi vizuri vikiharibika kwa sababu hiyo tu.

Mlango wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote: kuajiriwa moja kwa moja na bodi ya elimu ya mji. Tangu Aprili 2020 kuna utaratibu wa kitaifa wa watumishi wa halmashauri wanaoajiriwa mwaka kwa mwaka, na ALT wengi wa namna hii wamo humo, wakiwa na haki ya kulipwa bonasi. Matangazo yake hutoka Januari hadi Machi, kwa Kijapani, kwenye ofisi za ajira za serikali ziitwazo Hello Work na kwenye mbao za halmashauri. Mtu aliye Dar es Salaam ni vigumu ayaone, na ni vigumu zaidi aitwe kwenye usaili. Ndiyo maana nawashauri wengi waingie kwa wakala, wakae mwaka mmoja au miwili, wajifunze Kijapani hadi kiwango cha N3 hivi, yaani cha kati katika mtihani wa Kijapani kwa wageni, wajulikane, kisha waombe moja kwa moja. Wakuu wa shule wanazungumza wao kwa wao. Sifa yako hufika mji wa jirani kabla yako.

Sasa nataka tukae kwenye jambo ambalo limewaangusha Watanzania wengi kuliko ubaguzi, nalo halisemwi. Ni sharti la ukaazi. Anayefundisha lugha kwenye shule za umma kama ALT anahitaji hadhi ya ukaazi, yaani aina ya kibali cha kuishi nchini, ya mwalimu, na sheria inadai, juu ya shahada, awe amesoma kwa muda usiopungua miaka 12 kwa lugha anayokwenda kufundisha. Hesabuni pamoja nami. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kiingereza kimeanza kidato cha kwanza: miaka sita hadi kidato cha sita, na mitatu au minne ya chuo. Jumla ni tisa au kumi. Hajafika. Aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza ana 16 au 17, hana tatizo. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda, ambako Kiingereza hushika masomo yote kuanzia darasa la nne au la tano, kwa kawaida wanapita. Kijana hodari wa Kiingereza aliyesoma Songea anakataliwa bila kuambiwa sababu, naye anadhani ni rangi yake.

Anayepungukiwa afanye nini? Kwanza, asidanganye kwenye fomu. Uhamiaji wa Japani huomba barua za shule. Pili, shahada ya uzamili iliyofundishwa kwa Kiingereza huongeza miaka. Serikali ya Japani ina ufadhili wa masomo, maarufu kama MEXT, unaotangazwa na ubalozi kila mwaka, na vyuo kadhaa vya Japani vinafundisha uzamili kwa Kiingereza. Aliye na miaka kumi akiongeza miwili amefika, tena yumo nchini na ameanza kujua lugha. Tatu, shule binafsi za jioni za mazungumzo hutumia hadhi nyingine ya ukaazi, ile ya wataalamu wa masomo ya sanaa na huduma za kimataifa, ambayo mwenye shahada anaweza kuiomba bila sharti la miaka 12. Shule hizo zipo hata kwenye miji midogo. Na nyote, mliofika na msiofika, anzeni wiki hii kukusanya barua kutoka shule zenu zenye mhuri, zikitaja lugha ya kufundishia na miaka. Mwalimu mkuu aliyekufahamu akistaafu, barua hiyo itakusumbua sana.

Tuje kwenye usaili wa kazi ya shamba. Watakuuliza mambo ambayo hayahusu sarufi. Unaendesha gari? Umewahi kuishi mahali pa upweke? Utafanya nini Jumapili? Maswali hayo ndiyo kiini. Wamechoka na vijana wanaofika Aprili wakaondoka Agosti kwa kukosa burudani. Jiandae uutaje mji wenyewe: mto wake, sikukuu yake, zao lake. Ukiambiwa ufundishe somo la mfano, fikiria watoto wa miaka tisa. Tumia mwili, sauti, kadi za picha, na sema machache. Na uonyeshe kwamba unaelewa cheo chako: mwenye darasa ni mwalimu wa darasa, wewe ni mwenzake.

Gari ni jambo zito. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, na magari yao tumeyazoea, lakini leseni ni habari nyingine. Japani inakubali vibali vya kimataifa vya kuendesha gari vilivyotolewa kwa Mkataba wa Geneva wa 1949, na si kila nchi imo. Ambaye nchi yake haimo hubadilisha leseni kwenye kituo cha polisi cha leseni, kwa mtihani wa maandishi na wa kuendesha. Oktoba 2025 mtihani wa maandishi ulikazwa: maswali yalitoka 10 yakawa 50, na ili ufaulu upate 45. Nendeni na leseni yenye umri wa kutosha, kwa kuwa mnatakiwa kuthibitisha kwamba baada ya kuipata mlikaa nchini iliyotolewa angalau miezi mitatu. Upande wa Bahari ya Japani kuna theluji nyingi. Matairi ya baridi na mafuta ya taa ya kupasha nyumba joto yawekeni kwenye bajeti ya Desemba.

Ndugu zangu Waislamu, chakula cha shule ni kimoja kwa wote, wanafunzi na walimu hula pamoja darasani, na nyama ya nguruwe huwemo. Semeni mapema, shule itawaruhusu kubeba chakula chenu. Lakini msikwepe kukaa na watoto wakati huo. Saa ya chakula na ile ya usafi, watoto wanapofagia na kupiga deki darasa lao wenyewe, ndizo saa ambazo mtoto mwenye aibu hukujia na neno lake la kwanza la Kiingereza. Nimefundisha madarasa ya watoto sita, madaraja mawili katika chumba kimoja. Mnafahamiana hadi majina ya mbwa wao.

Kuna walimu wawili ninaotaka mwajue. Taylor Anderson alifundisha Ishinomaki, mkoani Miyagi, na Monty Dickson alifundisha Rikuzentakata, mkoani Iwate. Wote wawili walikuwa Wamarekani wa mpango wa JET, na wote wawili walikufa kwenye tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Wazazi wa Taylor walianzisha mfuko uliopeleka makabati ya vitabu vya Kiingereza kwenye shule za Ishinomaki. Ninawataja kwa heshima, na pia kwa sababu ya kazi: mwalimu wa mji mdogo anajifunza njia ya kukimbilia mlimani kabla ya kujifunza mahali pa kununulia mkate. Siku ya kwanza ulizeni mahali pa kukusanyikia. Shirikini mazoezi ya maafa kwa bidii ileile ya watoto.

La mwisho ni pesa za kurudi nazo. Mchango wenu wa pensheni haupotei. Ukiondoka Japani unaweza kudai sehemu yake kwa mkupuo, kwa hesabu isiyozidi miaka mitano, na lazima udai ndani ya miaka miwili baada ya kuondoka. Waliochangia pensheni ya waajiriwa hukatwa kodi ya asilimia 20.42 humo, lakini kodi hiyo nayo inaweza kudaiwa kama ulimteua mtu wa kukushughulikia kodi kabla ya kupanda ndege. Mteueni. Na ya mwaka wa pili msisahau: kodi ya makazi, ile ambayo mkazi huilipa halmashauri, si ya pango, hukadiriwa kwa kipato cha mwaka uliopita, kwa hiyo inakuja kuanzia Juni mkiwa mmeshaizoea mishahara bila hiyo.

Nimemaliza upande wangu. Walio na vyeti vyao hapa waje mbele kwanza tuhesabu pamoja ile miaka 12, kisha tutachukua maswali mengine.