Mtoto Wako Si Mkalimani Wako
Mazungumzo na wazazi wa Kikongo, Louisville, Kentucky

Shikamooni wazazi wangu. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja, macho yenyewe yanasema. Asanteni. Sitawachelewesha sana.

Nimeombwa nizungumzie watoto wetu na shule za huku. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu walimu wengi wa hapa hawajui mtoto huyu katokea wapi.

Wengi wenu mmetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996. Kwa hiyo humu ndani kuna baba aliyeingia pale akiwa amebebwa mgongoni, akakulia pale, akaoa pale, akapata watoto palepale. Watoto hao Fizi ya kule Kongo wanaisikia tu, Uvira wanaisikia tu. Kwao ni Kasulu. Wamezoea foleni ya mgao wa unga na njegere, na wamezoea shule ya kambini inayofuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, wakati shule ya msingi ya kijiji cha jirani inafundisha kwa Kiswahili. Kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Halafu kesi ya kuhamishiwa Marekani ikapita, familia ikapanda ndege, na baada ya wiki chache mtoto yuleyule akasimama alfajiri kwenye baridi akisubiri basi la shule.

Shule za huku hazimuulizi mtoto aliishia darasa la ngapi. Zinaangalia umri. Binti wa miaka 15 aliyeishia la tano anapelekwa sekondari, akae na wenzake wanaosoma aljebra. Na huo umri wenyewe mnajua ulivyopatikana! Wangapi humu mmezaliwa tarehe 1 Januari? Haya, shusheni mikono, tumeonana. Karani aliandika tarehe hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine ya kuandika, na leo tarehe hiyo ndiyo inayoamua mtoto anaingia darasa gani.

Miezi ya mwanzo mtoto anakaa kimya. Anasikiliza, anaangalia wenzake wanashika vipi trei ya chakula, haongei. Msimpige kwa hilo, wala msikubali mtu aseme hana akili. Baadaye mdomo unafunguka, tena kwa kasi ya kututia wivu sisi watu wazima. Hapo ndipo tunapokosea hesabu. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, ameeleza tangu miaka ya 1980 kwamba lugha ya kuongea na kucheza mtoto huipata kwa kama miaka 2, lakini lugha ya kusomea sayansi na historia huchukua miaka 5 hadi 7, pengine zaidi. Sasa mzazi anamsikia mwanawe akibishana na wenzake uwanjani kwa Kiingereza kinachoteleza, anasema huyu tayari. Bado. Huyo hajafika hata nusu ya safari, na sisi tunamwongezea mzigo mwingine kichwani.

Mzigo wenyewe ni huu. Nilikwenda kwa familia moja jioni, nikamkuta kijana wa miaka 11 ameshika simu, amekaza sauti, ameishusha mpaka chini. Anaongea na kampuni ya umeme. Anasema yeye ni baba. Wakamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akajibu bila kusita: Januari 1, akataja na mwaka. Baba amekaa pembeni yake kwenye kochi, mikono juu ya magoti, anamtazama usoni ajue kama umeme utakatwa au hautakatwa. Nilicheka, nisiwadanganye. Kisha nikaona daftari la kijana liko wazi mezani, hesabu ya kwanza haijaanzwa.

Kijana huyo ndiye aliyesoma barua ya mkopo wa tiketi za ndege wa IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji. Yeye ndiye anayejua baba anadaiwa kiasi gani, na amebakiza kiasi gani baada ya kodi ya nyumba. Kesho baba akimwambia zima televisheni ulale, mnadhani atamsikiliza kwa sikio gani? Wababa wengi mnaniambia watoto wa Marekani hawana adabu. Adabu haikupotelea shuleni peke yake. Tumempa mtoto kiti cha mkubwa mchana, halafu usiku tunataka arudi mkekani.

Hospitali ndiyo mbaya zaidi. Binti anakaa katikati ya daktari na mama yake, anaulizwa mambo ya uzazi wa mama. Atasema nini? Ataruka maneno. Na dawa haijui kwamba maneno yamerukwa.

Sasa sikilizeni, hili ni la sheria, si la hisani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza shule au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya nchi hii ilisema kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule si usawa kama haelewi lugha. Kwa upande wa afya, kanuni zinakataza hospitali hizo kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa dharura ya kufa na kupona. Mkalimani halipwi na wewe. Ukifika dirishani sema "Swahili interpreter", kisha kaa. Usiondoke.

Na useme Kiswahili cha Kongo. Wengine mmeletewa kwenye simu mkalimani wa Mombasa, mkaitikia ndiyo, ndiyo, kwa aibu. Mama anayesikia Kibembe tu, asemewe hivyo mapema, maana huyo mkalimani hutafutwa.

Baba mmoja alinibishia juzi: mkalimani anachelewa, mtoto yuko hapa, kwa nini nisubiri? Ana hoja. Dukani, kwenye basi, kumuuliza jirani, mtume mtoto, hata anajifunza. Lakini daktari, polisi, mahakama, mwenye nyumba, na kikao cha mwalimu kinachomhusu mtoto mwenyewe, hapana. Hicho cha mwisho nadhani wenyewe mnajua kwa nini; kuna watoto humu mjini ambao kwa tafsiri yao wenyewe hawajawahi kufeli.

Mama wa kitenge cha kijani, naona mkono uko juu muda mrefu. Karibu, uliza.