Jina la tovuti yako lipo kwa nani? (maongezi ya Mwanga, Kigoma)

Haya, shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi, na wale wa Kasulu mwakeye. Projekta imegoma kwahiyo tunaongea hivihivi.

Nani hapa ana tovuti? Saba. Haya, kati yenu nani anajua domeni yake, yaani lile jina la tovuti, imesajiliwa kwa imeili ya nani? Eeh, mnavyoangaliana! Mimi nilikuwa hivyohivyo, nauza dagaa na migebuka ya kukausha, fundi akanitengenezea tovuti nikalipa nikaondoka roho kwatu, mwaka wa pili tovuti haipo, fundi hapatikani, kumbe jina kasajili kwa imeili yake na meseji zote za kulipia zinaenda kwake. Yaani mtumbwi umenunua wewe ila karatasi ina jina la fundi aliyeuchonga.

Sasa kuhamisha jina toka kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayosajili majina, kwenda kwa mwingine. Dot com sio kazi, unaingia kwa msajili wa zamani, unatoa loku, ile kufuli ya jina, unaomba kodi ya kuhamishia, yaani namba ya siri, sio ya TRA jamani msikimbie, unampa msajili mpya na kumlipa mwaka mmoja, huo mwaka unaongezwa juu ya muda uliobaki so hupotezi kitu. Wa zamani akinyamaza siku 5 linahama lenyewe. Ila kama umesajili juzi au umehama juzi, siku 60 hazijaisha, tulia kwanza. Dot tz iko chini ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, ina utaratibu wake, msajili wako atakuelekeza.

Na hapa ndo watu wanalia: kuhamisha jina sio kuhamisha tovuti. Kurasa na imeili zako zinakaa kwenye hosting, yaani kompyuta unayokodi kuitunzia tovuti, we unafuta hosting ya zamani siku hiyohiyo, oda za wateja wa Dar zinaishia hewani. Ukibadilisha neimusava, zile zinazoelekeza jina lako liende hosting ipi, inaweza kuchukua hadi siku 2 kuenea kote, acha hosting zote mbili ziwake kwanza.

Ndio mama, uliza. Limeisha muda mwezi uliopita? Dot com? Huenda bado lipo. Msajili akishalifuta kuna siku 30 za kulikomboa na bei yake sio ya mchezo, zikipita zinabaki siku 5 ambazo hata ulie huligusi, halafu yeyote analibeba. Lete simu hapa tuangalie tarehe.