Ilitupwa kwa Sababu Gani? Mhadhara kuhusu kukusanya picha za jalalani

Walimu wangu mlioketi mbele, wageni wetu, na ninyi wanafunzi wa sanaa mliosongamana kule nyuma, asanteni kwa kuja. Tuanze kwa kutazama.

Huyu hapa ukutani ameketi kitini, nyuma yake pazia. Mikono ameilaza mapajani. Koti limemzidi mabega. Uso hana. Mahali pa uso pana tundu la mstatili lililokatwa kwa makini, kingo zimenyooka. Tazameni na hii: mama amepakata mtoto. Mtoto twamwona mzima, mama hana uso. Na hii tena: koti ni kama lile la yule wa kwanza, lakini mikono ni ya mtu mwingine, imekomaa kwa kazi.

Picha hizi zimetoka mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika studio iliyofunguliwa mwaka 1975 na kurithiwa na mtoto wa mwanzilishi. Jina lake ni Gulu Real Art Studio. Mwaka 2011 alifika hapo Martina Bacigalupo, mpiga picha Mwitaliano aliyekuwa akiishi Burundi, akakutana na mabaki haya. Akataka kujua. Maelezo aliyopewa ni ya kibiashara kabisa: mashine ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi mwenye studio akawa anampiga mteja picha ya kawaida, anaisafisha, anakata uso kwa kipimo cha pasipoti na kumpa mteja. Kilichobaki kilikuwa taka.

Bacigalupo akayakusanya yale mabaki kwa wingi. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kuokota: akazungumza na wateja wa studio, akawauliza picha hiyo ni ya nini. Kila mmoja alikuwa na shida yake: mkopo, kazi, leseni. Kumbukeni Gulu ilikuwa katikati ya vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, na Waacholi wengi, wenyeji wa huko, waliishi kambini miaka mingi. Katika mazingira hayo kitambulisho ni ulinzi, na picha ndogo ya uso ilikuwa na thamani kubwa kwa mwenye nayo. Mwaka 2013 mabaki yale yakaonyeshwa New York, katika ukumbi wa Walther Collection, na kitabu kikachapishwa.

Nimeyatazama mara nyingi na kila mara macho yanakwenda mikononi. Hapa uso haupo, kwa hiyo unalazimika kumsoma mtu kwa namna alivyokaa: huyu ameshika kitambaa, huyu amebana magoti, huyu ameegemea upande kana kwamba anasubiri kuitwa. Koti la studio, la kuazimwa, linapita kwa huyu na yule ili kila mmoja aonekane nadhifu mbele ya ofisi. Hakuna msanii aliyepanga hayo. Yamepangwa na mashine inayotoa nne, mkasi, na mfuko wa mteja.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha leo. Anayekusanya picha zilizotupwa anakusanya vitu viwili: picha yenyewe, na sababu iliyoifanya itupwe. Ukichukua ya kwanza ukaiacha ya pili, una pambo la ukutani. Ukizichukua zote mbili, una kazi ya sanaa inayoweza kusimama mbele ya watu.

Twende Beijing. Mwaka 2009 Mfaransa Thomas Sauvin alimpata mtu pembezoni mwa jiji anayenunua takataka zenye madini ya fedha: filamu za eksirei kutoka hospitalini, diski, na negativu za picha za familia, yaani zile filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo. Zote zilikuwa zinasubiri kutumbukizwa kwenye tindikali ili fedha itolewe. Ninyi vijana wa simu huenda hamjui kwamba filamu ilifanya kazi kwa chumvi ya fedha. Mwanga ukiigusa, inabadilika. Kwa yule mnunuzi, harusi yako na mfupa wako uliovunjika vilikuwa bidhaa moja. Sauvin akaanza kununua negativu kwa kilo. Leo mkusanyo wake umepita nusu milioni, nyingi zikiwa za kati ya 1985 na 2005, yaani tangu filamu ilipokuwa nafuu kwa mtu wa kawaida wa China hadi kamera za dijitali zilipoiondoa sokoni.

Ukiwa na picha nyingi kiasi hicho, unaanza kuona tabia za watu. Mwanamke amesimama kando ya jokofu jipya na kuliwekea mkono kama ndugu. Kwenye harusi, bibi harusi anawawashia sigara wageni wanaume, mmoja baada ya mwingine. Sauvin alikusanya picha za desturi hiyo na kuziweka katika kitabu kidogo ndani ya pakiti ya sigara. Wapigaji wa picha hizo hawakujuana. Hakuna aliyejua kwamba jirani yake naye kampiga mkewe picha na jokofu. Mkusanyaji peke yake ndiye aliyeona kwamba nchi nzima ilikuwa inafanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kuona huko ndiyo sanaa yake.

Ujerumani yupo Joachim Schmid, ambaye kwangu ni mwalimu wa fani hii. Mwaka 1982 aliokota picha barabarani, akaendelea kuokota katika miji mbalimbali hadi 2012, akafikisha takriban elfu moja. Alijiwekea sharti gumu: kila aliyoiokota iingie, hata iwe imekanyagwa, imefifia, haina cha kutazama. Hakujipa ruhusa ya kuchagua nzuri. Na kila moja aliipa namba, jina la mji, na tarehe. Nyingi zimechanwa. Mtu amechana uso wa mwenzake vipande vinne na kuvitupa njiani, na unapoviona vimeunganishwa upya unaisikia hasira ya siku ile ingawa hujui ya nani.

Huyo huyo Schmid mwaka 1990 alitangaza kwamba ameanzisha taasisi ya kuchakata picha zilizotumika, akaomba watu wampelekee. Wakapeleka. Miongoni mwa vilivyomfikia ulikuwa mzigo wa negativu kutoka studio moja, na studio hiyo ilikuwa imezikata katikati ili zisitumike tena. Alifanya nini? Aliunganisha nusu ya uso wa mtu mmoja na nusu ya uso wa mwingine. Kwa kuwa kamera, kiti na taa za studio havikuwa vikihamishwa, macho yanakutana, midomo inakutana, na anazaliwa mtu ambaye hajawahi kuwapo. Mnaona tena: mkasi wa studio ndio uliomletea kazi. Angepewa negativu nzima, angekuwa na picha za kawaida za studio tu.

Picha nyingine hazikutupwa na mtu. Baada ya tsunami ya Machi 2011 nchini Japani, katika mji wa Yamamoto pekee picha zipatazo 750,000 ziliokolewa kwenye matope. Watu wa kujitolea walizisafisha, wakazipa namba, wakazitandaza ukumbini ili wenyewe waje kuzitafuta. Zile zilizoliwa na maji na bakteria hadi uso hauonekani, mpiga picha Munemasa Takahashi alizipeleka kwenye maonyesho nje ya nchi. Utaratibu wao naupenda sana: kwanza mwenye picha, kisha ukuta wa maonyesho.

Nalisema hilo kwa sababu kwetu linagusa moja kwa moja. Mwambao huu una historia ndefu ya studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh tangu miaka ya 1940. Na zilikuwapo nyingine nyingi zisizo na jina kubwa, kila mji wa soko na yake, zenye mapazia yaliyochorwa ndege, maua na ngazi za jumba la kifahari. Filamu ilipokufa, studio nyingi zikageuka duka la fotokopi au la vocha. Negativu zilizobaki zimo kwenye maboksi ya viatu, juu ya kabati, zinaliwa na joto. Anapofariki mzee, watoto wanagawana nyumba, na boksi linakwenda jalalani pamoja na magazeti.

Nataka mziokoe. Lakini zimo picha ambazo hazikupigwa kwa ajili yako. Wanawake wengi wa mwambao waliingia studio na buibui, wakalivua ndani, wakapigwa wakiwa na nywele zao na vito vyao, kwa macho ya mume, dada au shoga. Picha ile ilikuwa na sitara yake. Kutupwa kwa boksi hakukuifuta sitara hiyo. Ukiibandika kwenye ukurasa wako kesho asubuhi ili upate wafuasi, umemvua mama wa watu mbele ya mji mzima, na pengine wajukuu zake wanaishi mtaa wa pili. Msiniambie kwamba uliinunua. Aliyenunua karatasi hajanunua hata hakimiliki: maboksi ya mpiga picha Vivian Maier wa Chicago yalinadiwa mwaka 2007 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, akafariki 2009 kabla dunia haijamjua, na baadaye picha hizo zikazua mvutano wa kisheria kuhusu haki za urithi.

Kwa hiyo ulizeni. Muulizeni muuza mitumba alilipata wapi boksi. Muulizeni mzee wa studio, kama bado yupo, pazia lile lilichorwa na nani, koti la kuazimwa lilikuwa la nani, kwa nini uso huu umekatwa. Wazee hawa wanajua, na hawajaulizwa. Andikeni majibu siku hiyo hiyo kwa penseli, maana wino hupenya karatasi: mahali, tarehe, aliyekupa, alichosema. Wekeni picha kwenye bahasha za karatasi. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na pwani unyevu haupungui. Gundi msiguse kabisa. Negativu ishikwe kingo. Na ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, ujue filamu imeanza kuoza yenyewe. Itenge na wenzake upesi, kisha hizo ndizo uzipige nakala kwanza, kwa sababu hazitakusubiri.

Pale mezani pana bahasha. Kila moja ina picha moja iliyookotwa au kununuliwa, na jina la mahali ilipopatikana. Nimeziacha zile zenye sitara nyumbani. Chukueni moja kila watu wawili, mkae nayo dakika 20, kisha mnieleze kwa ushahidi uliomo ndani ya picha, na nyuma yake, kwa nini mnadhani ilitupwa. Mstari wa nyuma uanze kuja.